Hoki ya barafuni haijapoteza ladha kwa kupungua ngumi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu hoja iliyojitokeza hivi karibuni katika kurasa zenu za michezo, na ambayo nimeisikia pia katika vibanda vya kuonyeshea mpira hapa Mtwara, kwamba hoki ya barafuni ya kulipwa huko Amerika Kaskazini imepoteza ladha tangu wachezaji wake walipopunguza kuzichapa uwanjani. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari huku Mikindani. Mikoa yetu ya Kusini haina uwanja wa barafu, lakini video fupi za mapigano hayo zinazunguka katika simu za wanafunzi wangu kila siku, na swali wanaloniuliza mara nyingi ni kwa nini waamuzi wanasimama pembeni wakitazama wakati watu wazima wawili wanatoana damu. Ni swali zuri, na ukilifuatilia hadi mwisho huwezi kuungana na wanaosikitika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, kila timu huwa na wachezaji watano na golikipa mmoja juu ya barafu, wote wamevaa viatu vyenye makali chini, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta. Kasi ni kubwa, kugongana mwili kwa mwili kunaruhusiwa, na hasira hupanda upesi. Katika Ligi ya Taifa ya Hoki, yaani NHL, ambayo ilianzishwa mwaka 1917 na inazikusanya timu kubwa za Kanada na Marekani, wachezaji wawili wanaokubaliana kupigana hutupa glavu zao chini na kushikana jezi, kisha hurushiana makonde mpaka mmoja aanguke au wachoke, ndipo waamuzi wasaidizi huingia kuwatenganisha. Baada ya hapo kila mmoja huketi nje kwa dakika tano na kurudi kuendelea na mchezo. Utaratibu huu ni wa zamani: tangu mwaka 1922 ligi hiyo iliamua kuwa mapigano yataadhibiwa kwa dakika tano badala ya mchezaji kufukuzwa kabisa, na kanuni hiyo haijafutwa hadi leo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Wachezaji wawili wanapopewa dakika tano kwa pamoja, adhabu zao hufutana, kila kocha huingiza mtu mwingine, na mchezo unaendelea watano kwa watano kana kwamba hakuna kilichotokea. Timu haipungukiwi na mtu. Kilichopotea ni huduma ya mchezaji mmoja kwa dakika tano, na kama mchezaji huyo aliajiriwa kwa ajili ya ngumi zake, basi timu haikupoteza chochote. Kwa miaka mingi, kwa hiyo, ligi ilikuwa na adhabu ambayo haikumgharimu yeyote mwenye uamuzi. Kocha hakuumia, mmiliki hakuumia, na mashabiki walisimama kushangilia. Aliyeumia alikuwa yule aliyepigwa, na mara nyingi hata yule aliyepiga.

Ndiyo maana timu zilikuwa na watu maalumu wa kazi hiyo, ambao kwa Kiswahili chetu tungewaita wababe wa timu. Wanaoitetea desturi hii wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema mbabe aliwekwa ili kumlinda mchezaji mwenye kipaji, kwamba aliyethubutu kumgonga nyota kwa hila alijua atakutana na mtu mwenye mikono mizito, na kwamba bila ngumi wachezaji wangegeukia magongo, ambayo ni silaha mbaya zaidi. Wanamtaja Wayne Gretzky, mfungaji mkubwa wa miaka ya 1980, ambaye katika timu ya Edmonton Oilers alikuwa na Dave Semenko wa kumlinda, na alipouzwa kwenda Los Angeles Kings mwaka 1988 Marty McSorley aliongozana naye katika biashara hiyohiyo. Wanaitaja pia Philadelphia Flyers, waliotwaa Kombe la Stanley, yaani taji la ubingwa wa NHL, mwaka 1974 na 1975 kwa mchezo wa vitisho. Katika msimu wa 1974–75 Dave Schultz wa timu hiyo alipewa adhabu za dakika 472, rekodi ambayo haijavunjwa. Ni karibu saa nane za kukaa nje kwa msimu mmoja.

Hata hivyo, hoja ya ulinzi haisimami mbele ya yaliyotokea. Tarehe 21 Februari 2000, huyohuyo Marty McSorley, akiwa sasa Boston Bruins, alimpiga Donald Brashear wa Vancouver Canucks kichwani kwa gongo zikiwa zimebaki sekunde chache mechi iishe. Brashear alianguka na kugonga kichwa kwenye barafu. Wawili hao walikuwa wamekwisha kupigana ngumi mapema katika mechi hiyo. Kwa mujibu wa nadharia ya watetezi, ngumi zile zilipaswa kuimaliza hasira na kuliepusha gongo, lakini gongo lilitumika, na lilitumiwa na mtu aliyekuwa bingwa wa kanuni hizo zisizoandikwa. Mahakama ya Kanada ilimkuta na hatia ya kushambulia kwa silaha.

Miaka minne baadaye, tarehe 8 Machi 2004, ilitokea nyingine iliyo mbaya zaidi. Steve Moore wa Colorado Avalanche alikuwa amemgonga nahodha wa Vancouver, Markus Naslund, katika mechi ya wiki kadhaa nyuma, na Vancouver walitaka kulipa kisasi. Timu hizo zilipokutana tena Moore alipigana na mchezaji mmoja wa Vancouver katika kipindi cha kwanza, yaani alilipa deni lake kwa namna ambayo desturi yenyewe iliitaka. Haikutosha. Katika kipindi cha tatu Todd Bertuzzi alimfuata kwa nyuma, akampiga ngumi ya upande wa kichwa na kumwangukia juu ya barafu. Moore alivunjika pingili tatu za shingo na hakucheza tena hoki ya kulipwa maisha yake yote. Nani alilindwa hapo? Mimi ninaposikia kwamba ngumi huzuia madhara makubwa, huzikumbuka mechi hizi mbili, kwa sababu katika zote mbili ngumi zilitangulia na madhara makubwa yakafuata.

Lipo pia jaribio ambalo ligi yenyewe ilishiriki bila kukusudia. Kuanzia Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1998 hadi ile ya 2014, NHL iliwaruhusu wachezaji wake kuzichezea timu zao za taifa, na katika hoki ya kimataifa anayepigana hutolewa nje ya mechi. Walikuwa watu walewale, wenye magongo yaleyale, na fahari ya mataifa yao juu ya mabega. Fainali ya Vancouver mwaka 2010 kati ya Kanada na Marekani ilichezwa kwa nguvu zote hadi muda wa nyongeza, Sidney Crosby akafunga bao la ushindi, na hakuna aliyetupa glavu. Sijamsikia mtu akilalamika kwamba mechi ile ilikosa ladha.

Sasa nieleze jinsi ngumi zilivyopungua, maana hapa pia kuna dhana kwamba waamuzi walizidisha ukali. Katika miaka ya 1980 wastani ulikuwa takribani pigano moja kwa kila mechi, na kuna misimu ambayo wastani huo ulivuka hapo. Katika msimu wa 2008–09 yalitokea mapigano zaidi ya 700 katika mechi 1,230. Miaka kumi baadaye hayakufika 250, ingawa mechi zilikuwa zimeongezeka. Kanuni zilichangia, na sizibezi. Mwaka 1971 ligi iliamua kumfukuza mchezaji wa tatu anayeingilia pigano la wawili. Mwaka 1987 iliweka adhabu kali ya kufungiwa mechi kwa wanaotoka benchi kwenda kupigana. Mwaka 1992 ilimkazia mchokozi anayeanzisha pigano kwa kumwongezea dakika za peke yake. Hatua hizo zilimaliza vurugu za timu nzima kwa timu nzima, ambazo zamani zilisimamisha mechi kwa muda mrefu, lakini pigano la wawili wanaokubaliana liliendelea, kwa sababu dakika tano zake ziliendelea kufutana.

Kilicholiondolea pigano hilo msingi wake kilikuja kwa njia ya fedha na kasi. Msimu wote wa 2004–05 ulifutwa kutokana na mgogoro wa malipo kati ya wamiliki na wachezaji, na ligi iliporejea ilikuwa na ukomo wa mishahara, ambao kwa msimu wa kwanza ulikuwa dola milioni 39 kwa kila timu. Papo hapo waamuzi waliagizwa kuadhibu kila kushika, kuvuta na kuzuia mpinzani asiye na kisahani, na pasi ndefu iliyokuwa imekatazwa ya kuvuka mistari miwili ikaruhusiwa. Mchezo ukawa wa mbio. Katika mechi ya NHL kocha huvalisha watu ishirini tu, wawili wakiwa magolikipa, na kati ya wale kumi na wanane mbabe alikuwa akishuka uwanjani kwa dakika nne au tano, tena aghalabu dhidi ya mbabe mwenzake. Zamani kocha aliweza kuvumilia hali hiyo. Baada ya mwaka 2005 kila nafasi ililipiwa kutoka kwenye mfuko uliofungwa, na mtu asiyeweza kuteleza kwa kasi alikuwa mzigo kila mara alipokanyaga barafu, kwa sababu wapinzani walimpita na kufunga. Mgeuko huo ulichukua miaka, maana makocha wa shule ya zamani hawakukubali upesi, lakini hesabu iliwashinda. Mbabe aliachwa kwa sababu alianza kuigharimu timu, na hilo adhabu ya dakika tano haikuwahi kulifanya.

Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa baadhi ya watu wanaipongeza ligi kwa huruma. Huruma ilichelewa sana. Mwezi Mei 2011 Derek Boogaard, kijana wa Saskatchewan mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 28 kutokana na mchanganyiko wa pombe na dawa kali za maumivu. Alikuwa ameichezea Minnesota Wild na kisha New York Rangers, mechi 277 kwa jumla, na katika mechi hizo zote alifunga mabao matatu. Mabao hayakuwa kazi yake. Pigano lake la mwisho, mwezi Desemba 2010, lilimwachia mtikisiko wa ubongo ambao hakuwahi kupona akarudi uwanjani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake walikuta ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara, ugonjwa ambao kwa sasa huthibitishwa tu baada ya mtu kufa. Waliukuta pia kwa Bob Probert, mbabe mashuhuri wa Detroit na Chicago, aliyefariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 45. Kabla mwezi Agosti 2011 haujaisha walikuwa wamefariki wengine wawili waliojulikana kwa ngumi zao, Rick Rypien mwenye miaka 27 na Wade Belak mwenye miaka 35. Vifo vitatu kwa kipindi cha miezi minne.

Vijana wanaoshangilia video zile hawayajui majina haya katika hali hii. Wanamjua Probert anayeshinda pigano. Hawamjui Probert aliyelala juu ya meza ya wachunguzi. Ninapowasimulia darasani huona wanavyonyamaza, kisha maswali yanayofuata huwa ya maana zaidi: je, familia zao zilipata nini, na je, ligi ilikiri? Nawajibu kwamba mwaka 2018 ligi ilifikia makubaliano ya takribani dola milioni 19 na wachezaji wa zamani zaidi ya 300 waliofungua madai, bila kukubali kuwa ilikuwa na kosa, na kwamba kamishna wake, Gary Bettman, amekuwa akikataa mara kwa mara kwamba uhusiano kati ya hoki na ugonjwa huo umethibitishwa. Mimi si daktari na sitajifanya kuwa mmoja, lakini naona ni jambo zito kwa ligi kuendelea kuliweka pigano katika thamani ya dakika tano baada ya mazishi hayo yote. Ligi ya vijana ya Quebec na majimbo ya mashariki mwa Kanada ilionyesha njia tofauti, kwani kuanzia msimu wa 2023–24 anayepigana hutolewa nje ya mechi. Wakubwa wangeweza kufanya hivyo kesho asubuhi wakitaka.

Wapo watakaonikumbusha mechi ya Montreal ya tarehe 15 Februari 2025, katika mashindano ya mataifa manne yaliyoandaliwa na NHL, ambapo Marekani na Kanada zilipigana mara tatu ndani ya sekunde tisa za mwanzo. Video hiyo ilifika mpaka huku kwetu kwa muda mfupi sana, na wengi walisema zama za ngumi zimerudi. Lakini tuwatazame waliopigana. Ndugu wawili Matthew na Brady Tkachuk ni wafungaji wa kutegemewa, wenye nafasi zao katika timu kwa sababu ya mabao, na baadaye ilielezwa kwamba walikuwa wameafikiana kabla ya mechi kuanza. Yule mtu aliyeajiriwa ili apigane hakuwamo uwanjani, na siku hizi ni nadra kumwona. Siku tano baadaye mataifa hayohayo yalikutana katika fainali mjini Boston, hakuna aliyepigana, na Connor McDavid akaipa Kanada ushindi wa 3–2 katika muda wa nyongeza. Kati ya mechi hizo mbili, ile ya pili ndiyo niliyowashauri wanafunzi waitafute na kuitazama yote.

Msomaji anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini watu wa Mtwara na Lindi, ambao Jumamosi zetu ni za Nangwanda Sijaona na Ilulu, au safari ya Ruangwa kuitazama Namungo. Nitajibu kwa ufupi. Katika mechi zetu za ndondo kuna beki ambaye kila mtaa unamjua, anayewekwa ili amuumize winga mwepesi wa upinzani dakika za mwanzo, na anapotolewa kwa kadi nyekundu hubebwa juu juu na mashabiki kama shujaa. Waandaaji wengi hudhani dawa ni kuongeza faini. Uzoefu wa NHL unaonyesha kwamba adhabu ambayo kocha na mfadhili hawaisikii haibadilishi upangaji wa kikosi, na kwamba beki huyo ataachwa siku timu itakapopoteza pointi na fedha za zawadi kwa ajili yake. Ningependa viongozi wa soka wa mikoa hii miwili walifikirie hilo wanapoandika kanuni za mashindano yao.

Tena hoki yenyewe haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Jirani zetu wa Kenya wana timu iitwayo Ice Lions, inayofanya mazoezi katika uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari jijini Nairobi, na mwaka 2024 nchi hiyo ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Watoto wanaojifunza pale wanajifunza kwa kanuni za kimataifa, na kwao anayepigana anatoka.

Ombi langu kwako, Mheshimiwa Mhariri, ni dogo. Picha za mapigano ya hoki zinauza gazeti, na sikutegemei uache kuzichapisha. Lakini zinapochapishwa, dawati la michezo liandike chini yake jina la kila mchezaji, timu yake, na adhabu aliyopewa, na kama ni picha ya zamani, liandike pia mchezaji huyo yuko wapi leo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa michezo,
Mikindani, Mtwara.